Waya wa Spika: Tulipie Unene, Tusilipie Jina

Nyumba nyingi za hapa Isinya na kule Kitengela siku hizi zina wufa, amplifaya au angalau redio kubwa yenye spika mbili za kuchomeka. Watu wakienda kununua vyombo hivi huuliza maswali chungu nzima: ni wati ngapi, ni kampuni gani, inagonga namna gani. Waya wa kuunganishia spika hawauulizii kabisa. Wanachukua ule uliomo ndani ya boksi, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, na ukiwa mfupi wanatafuta kipande kingine chochote na kuunga. Wengine nao huenda upande ule mwingine: wanaambiwa dukani kwamba bila waya wa bei kali sauti haitatoka vizuri, basi wanalipa. Makala haya ni ya makundi yote mawili. Hesabu nitakazotumia ni zile za mkondo wa umeme tunazofundishwa hapa Kidato cha Tatu, kwa hivyo asiwepo wa kusema eti ni ngumu.

Kwanza ieleweke kwamba hakuna waya unaoongeza sauti. Kazi ya waya ni kuupeleka umeme kutoka kwa amplifaya hadi kwa spika na kuurudisha, na katika safari hiyo waya wenyewe hula kidogo. Tabia hiyo ya kula ndiyo tunayoiita ukinzani. Hupimwa kwa omu, jina lililotokana na Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu wa shule kule Cologne kabla ya kuchapisha kitabu chake cha mwaka 1827 chenye kanuni tunayoikariri hadi leo. (Nafurahi kwamba alikuwa mwalimu wa shule tu kama walimu wetu.)

Ukinzani hutegemea mambo matatu: waya ni wa madini gani, una urefu gani, na una unene gani. Unene ninaosema ni eneo la mkato wa shaba iliyo ndani, wala si unene wa ganda la plastiki. Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana kuna waya unene wake ukiushika ni kama kidole, lakini ukiuchuna unapata nyuzi chache tu zimejificha ndani. Mita 1 ya shaba yenye mkato wa milimita mraba 1 ina ukinzani wa takriban omu 0.0172. Ukiwa wa milimita mraba 0.5 ukinzani huwa maradufu, yaani omu 0.034. Ule wa 2.5, ambao mafundi wa nyumba huutumia kwa soketi, una omu 0.0069 tu. Na msisahau kwamba umeme huenda na kurudi! Spika ikiwa mbali mita 15, shaba inayopitiwa ni mita 30.

Sasa nitoe mfano wa kweli. Babu yangu hana stima ya laini. Ana paneli ya sola, betri ya volti 12, na amplifaya ya gari yenye spika mbili za gari. Amplifaya iko ndani ya nyumba, lakini wazee huketi chini ya mgunga ulio mita 15 kutoka dirishani, na babu alitaka spika moja ifike pale ili wasikilize taarifa ya habari pamoja. Alikuwa ameuza mbuzi mmoja kwa shughuli hiyo. Muuzaji mmoja wa Nairobi alimwambia anunue waya maalum wa spika, shilingi 500 kwa mita. Babu akaniita. "Kijana, wewe unasoma fizikia. Huu waya unaimba wenyewe ama namna gani?" Nikamwambia, "Babu, nipe dakika kumi na karatasi."

Spika za gari aghalabu huwa na omu 4, ilhali nyingi za nyumbani huwa na omu 8 au 6. Sababu yake ni kwamba gari lina volti 12 peke yake, na kwa volti zile zile, omu zikipungua wati huongezeka. Wenye matatu wanalijua jambo hili vizuri hata kama hawajaliandika ubaoni. Lakini spika ya omu chache huwa dhaifu mbele ya waya mbaya. Nilichukua kwanza ule waya wa boksi, ambao shaba yake nilikadiria kuwa milimita mraba 0.2. Kwa mita 30 za shaba una omu 2.6 hivi. Weka hizo pamoja na omu 4 za spika, jumla ni 6.6. Maana yake, katika kila wati 10 zinazotoka kwa amplifaya, karibu 4 hupotelea njiani zikipasha waya joto, na zinazofika kwa spika ni 6. Waya wa 0.5 hupoteza 2 katika kila 10. Ule wa 2.5 una omu 0.21, na upotevu wake ni nusu wati tu katika 10.

Kuna kanuni ambayo mafundi wengi hufuata: ukinzani wa waya wote, kwenda na kurudi, usizidi sehemu moja ya ishirini ya omu za spika. Kwa spika ya omu 4 ni 0.2, na kwa ya omu 8 ni 0.4. Waya wa 2.5 kwa babu umekaribia kabisa kiasi hicho. Basi alinunua mita 30 za waya wa kawaida wa soketi katika duka la vifaa vya ujenzi, nyuzi mbili za mita 15 kila mmoja, na pesa iliyobaki ikamrudia mfukoni. Angefuata ushauri wa yule muuzaji, mita 15 pekee zingemgharimu shilingi 7,500, yaani mbuzi mzima.

Kwa upande mwingine, wewe uliye na spika za omu 8 katika chumba kidogo, mita 3 tu kutoka kwa redio, huna haja ya kusumbuka. Waya wa 0.5 utakuwa na omu 0.2, nusu ya kiwango tulichotaja. Ukinunua mnene zaidi hutasikia tofauti.

Lakini ule waya wa shilingi 500 una nini basi? Muuzaji husema shaba yake imeondolewa oksijeni. Hilo laweza kuwa kweli. Ila shaba ya kawaida ya nyaya za umeme nayo ni safi sana. Tofauti ya upitishaji kati ya hizo mbili ni kama sehemu 1 katika 100. Ukikata waya wa kawaida ukawa mfupi kwa sentimita 15 katika mita 15, tayari umeifidia. Huko Marekani watu walikuwa wakitumia waya wa kawaida wa taa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Noel Lee alipoanzisha kampuni ya Monster Cable na kuonyesha kwamba waya unaweza kuuzwa kama bidhaa ya fahari. Kuhusu unene hakuwa amekosea. Tatizo lilikuja bei zilipopanda bila breki. Mwaka 2007 James Randi, mfichuaji wa hadaa, alitangaza dola milioni moja kwa yeyote atakayetofautisha kwa masikio tu waya wa spika wa maelfu ya dola na ule wa bei nafuu zaidi. Jaribio lenyewe halikufanyika.

Hatari kubwa zaidi kwetu sisi si waya ghali, ni waya wa uongo. Kuna waya unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Jirani yetu aliletewa huo na duka moja ambalo silitaji. Ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya shaba halisi, nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa, na mzingo wake ni mwepesi mkononi. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenyewe. Wahenga hawakuwa na spika lakini walijua si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Tazama pia alama ya KEBS kwenye mzingo.

Wenye sola na betri, nisikizeni hapa. Waya wa kutoka betri hadi amplifaya ndio wa kuangaliwa zaidi. Amplifaya ikitumia wati 100 kwa volti 12, inavuta ampea 8 na zaidi. Ukiweka waya wa 1.5 kwa umbali wa mita 5, karibu volti 1 nzima hupotea kabla ya kufika, na hapo sauti hukwaruza kila besi inapogonga. Tena weka fyuzi karibu kabisa na betri. Betri ya gari hutoa mamia ya ampea waya ukigusana, na ganda la plastiki hushika moto mara moja. Nyumba ya mabati na mbao haingoji zimamoto kutoka Kitengela.

Ukiunganisha, zungusha nyuzi zote vizuri pasibaki hata moja inayogusa upande wa pili, la sivyo amplifaya yaweza kuungua. Nyekundu iende kwa nyekundu katika spika zote mbili. Ikiwa alama zimefutika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye spika kwa nukta moja: kama karatasi yake imesogea nje, basi upande uliogusa chanya ndio chanya. Spika moja ikigeuzwa, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi inapotea hata uwe na waya wa dhahabu. Nje, pitisha waya ndani ya paipu, kwa sababu jua hukausha plastiki na mbuzi hawachagui chakula.

Anayetaka kupima waya wake alete mita 10 maabara. Tutapitisha mkondo wa ampea 0.5 na kusoma volti. Kwa shaba ya milimita mraba 0.5 mita inapaswa kuonyesha kama volti 0.17, na ikisoma 0.26, ile ni alumini.