KWAYA YA WANAUME: NAMNA YA KUIUNDA NA KUIDUMISHA
Somo kwa waimbaji wa Eldoret na wa mahali pengine

Katika mji wa Eldoret, kama katika miji mingine ya Kenya, si ajabu kuwaona wanaume kumi au ishirini wamejipanga safu mbili katika arusi, tamasha au sherehe ya taifa, wakiimba bila ala yo yote. Kwaya za namna hii huanza kwa furaha, lakini nyingine huvunjika kabla hazijatimiza mwaka. Sababu mara nyingi si kukosa sauti nzuri, bali ni kila mmoja kutaka sauti yake isikike kuliko za wenzake. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji namna kwaya ya wanaume inavyoundwa, na jambo moja liwezalo kuidumisha, nalo ni kusikilizana.

SAUTI NNE

Kwaya ya wanaume na wanawake hugawanywa katika soprano, alto, tena na besi. Kwaya ya wanaume watupu nayo ina sauti nne: tena ya kwanza, iliyo nyembamba na ya juu, tena ya pili, iliyo chini yake kidogo, baritoni, sauti ya katikati waliyo nayo wanaume wengi kwa asili, na besi, iliyo nzito kama msingi wa nyumba.

Sauti hizi zimekaa karibu karibu kuliko zile za kwaya ya mchanganyiko. Faida yake ni kwamba zikipatana husikika kama sauti moja nene. Hasara yake ni kwamba mmoja akikosea, hana pa kujificha. Na sauti za chini zikibanana mno, wimbo wote huvurugika kama uji wenye madonge.

Basi kabla ya kumpanga mtu, kiongozi na amsikilize akiimba peke yake do, re, mi, kutoka chini hata juu, apate kujua mahali anapoimba kwa raha. Tena ya kwanza ni adimu. Mwenye baritoni asilazimishwe kupanda huko kwa kukaza shingo, maana atapoteza sauti. Heri tena watano waimbao kwa wepesi kuliko kumi wapigao makelele. Kwa watu 24, mgawanyo wa 5, 6, 6 na 7, kutoka juu kwenda chini, wafaa sana.

Njia ya kuandika do, re, mi kwa herufi ilianzishwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover, kisha ikaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta Afrika. Uzuri wake ni kwamba yaandikwa kwa herufi za kawaida juu ya karatasi yo yote, wala haihitaji kinanda.

MAZOEZI

Eldoret iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,000, na baridi ya jioni hukaza koo. Kwa hiyo mazoezi na yaanze kwa kuvumisha sauti polepole, midomo imefungwa, muda wa dakika kumi.

Kisha waimbaji na wasimame katika duara, wakitazamana. Kanuni ya duara hili ni fupi: kila mtu aimbe kwa kiasi cha kuweza kumsikia jirani yake wa kuume na wa kushoto. Asipowasikia, yeye ndiye aliyezidisha. Wakisha kuzoea, na wachanganyike, mtu wa besi asimame kati ya tena na baritoni. Hapo ndipo kila mmoja atakapojua kama ameshika sauti yake kweli, au alikuwa akimfuata mwenzake tu.

Mtu aweza kuuliza, Je, wanaume wakiimba kwa sauti ndogo hawataonekana dhaifu? Jibu twalipata Afrika ya Kusini. Huko wafanyakazi Wazulu waliokaa mbali na kwao katika mabweni ya migodi na ya viwanda walikuza uimbaji uitwao isicathamiya, jina litokanalo na neno la kunyata. Katika miaka ya 1960 Joseph Shabalala wa Ladysmith aliunda kwaya ya wanaume iitwayo Ladysmith Black Mambazo. Neno mambazo maana yake ni shoka, yaani shoka la kuwakata washindani. Lakini shoka hilo lilinolewa kwa upole: Shabalala aliwafundisha watu wake kuimba kwa sauti laini iliyotulia. Mwaka 1986 waliimba katika santuri ya Paul Simon, Graceland, na mwaka 1988 wakapewa tuzo ya Grammy huko Marekani. Wahenga walisema, Debe tupu haliachi kuvuma.

MANENO YA WIMBO

Kusikilizana kwahusu lugha pia. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kuna maneno machache ambayo mkazo wake ukihama, na maana huhama: barabara ipitayo magari si sawa na kufanya kazi barabara. Katika Kinandi na Kijaluo, kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kugeuza maana ya neno. Kwa hiyo mtungaji asichukue tuni ya kigeni na kuyasukumia maneno ndani yake. Kwanza na ayaseme maneno polepole, asikie yanapopanda na yanaposhuka, ndipo atunge.

Nyimbo za wazee nazo zatafutwe kwa adabu, kutoka kwa wazijuao. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, mathalani, iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi. Wala tusidharau wimbo mdogo: wimbo wa taifa la Kenya ulitengenezwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki watano, kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto.

FEDHA

Kwaya nyingine hushinda jukwaani zikashindwa mezani. Na achaguliwe mwenye kutunza fedha ambaye si kiongozi wa nyimbo. Kila shilingi ya ada au ya zawadi iandikwe katika daftari, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

FAIDA KWA MJI

Eldoret, ambao wazee waliuita Sisibo kwa sababu ya shamba nambari 64, ulipewa jina lake mwaka 1912, ukafikiwa na reli mwaka 1924, na ukawa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Ndani yake wamo Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Waasia na wengineo. Lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waligeukana. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na mji, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba wimbo huzima moto. Lakini wanaume ishirini wa makabila mbalimbali, waliokwisha kukaa miezi katika duara moja, kila mmoja akipunguza sauti yake ili amsikie mwenzake, wajuana kwa majina. Mmoja ameijua nyumba ya mwingine, na taabu zake, na watoto wake. Siku uvumi mbaya utakapokuja, kila mmoja atakuwa na mtu wa upande wa pili wa kumwuliza, Je, neno hili ni kweli? Watu wasio na wa kumwuliza ndio wauaminio uvumi upesi.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuunda kwaya mtaani kwako, usiwakusanye watu wa nyumba yako peke yao. Mwalike tena kutoka Langas, baritoni kutoka Huruma na besi kutoka Kapsoya. Chagueni jioni moja ya juma na wimbo mmoja mfupi, mkaanze na duara.