Dondoo muhimu: Aljebra ya uzamili huanzia kwenye mfano mdogo

Anayesoma aljebra ya uzamili hushawishika kukariri nadharia pamoja na uthibitisho wake. Afadhali achukue kalamu kwanza, ajaribu dai lenyewe kwenye mfano mdogo. Nadharia ya Lagrange inasema idadi ya memba wa kundi dogo lazima igawe idadi ya memba wa kundi zima bila baki. Je, kinyume chake ni kweli? Orodhesha mipangilio ya vitu 4 inayopatikana kwa kubadilishana viwili viwili mara shufwa: utapata 12, nayo huunda kundi. Kati yake, 8 huzungusha vitu 3 na kuacha 1 mahali pake, na kila mmoja wa hiyo 8 ni mraba wa mwenzake, yaani mwenzake akirudiwa mara mbili. Kundi dogo lenye memba 6, yaani nusu kamili, lingelazimika kubeba miraba yote. Lakini 8 haiwezi kuenea ndani ya 6. Basi halipo, ingawa 6 inagawa 12.

Wapo watakaosema mfano si uthibitisho, na kwamba muhula ni mfupi. Ni kweli mfano mmoja hauthibitishi dai la jumla, ila mmoja tu unatosha kulivunja, na huonyesha sharti lipi la nadharia ndilo linalofanya kazi. Kuhusu muda, haraka haraka haina baraka: uthibitisho uliokaririwa bila mfano huyeyuka swali la mtihani likigeuzwa kidogo tu, na kuanza upya hugharimu zaidi ya saa moja ya kuorodhesha.