Likizo Kubwa kwa Babu na Nyanya

Watoto, katika nchi yetu mwaka wa masomo huanza mwezi wa tisa, nao huisha mwanzoni mwa mwezi wa saba. Kati ya mwisho huo na mwanzo mpya kuna majuma manane hivi. Watu wa mjini huyaita vakansi. Sisi katika somo hili tutasema likizo kubwa. Ni wakati wa kiangazi. Mvua zimekoma, vumbi jeusi la Goma linaingia katika kila nyumba, na milima ya Masisi haionekani vizuri kwa ajili ya moshi na ukungu.

Jamaa nyingi za Goma hazikai mjini majuma yote manane. Husafiri. Walio wachache hulala hotelini; walio wengi huenda kwa watu wao: kwa babu na nyanya, kwa mjomba, kwa shangazi. Hawa huenda Bukavu, wale Minova au Kalehe, wengine kisiwani Idjwi. Wengine huenda Rutshuru au Butembo, kama njia ni salama. Basi tujiulize: tukikaa mbali na nyumbani muda mrefu namna hii, siku zetu tunazitumiaje?

1. Mgeni ana deni

Katika nchi nyingine likizo ina desturi nyingine. Huko Ufaransa, mwaka 1936, sheria iliwapa wafanyakazi majuma mawili ya kupumzika kila mwaka bila kukatwa mshahara. Ndipo jamaa nyingi za wafanyakazi zilipoweza kwenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza. Mtu wa huko akikodi chumba pwani, hulipa chumba, hulipa na chakula. Akiisha kulipa, hana deni tena. Anaweza kulala mchana kutwa, wala hakuna wa kumlaumu.

Kwetu sivyo. Nyanya hakudai fedha ya kitanda. Lakini maharagi anayokupikia ameyalima kwa mikono yake, na maji unayooga mtu ameyapandisha mlimani kwa kichwa. Kwa hiyo mgeni wa kwetu ana deni, na deni hilo halilipwi kwa fedha. Hulipwa kwa mikono, kwa masikio na kwa adabu. Tutaona jambo moja moja. Lakini kwanza hatuna budi kufika.

2. Kuvuka ziwa

Tuwatazame watu wa jamaa moja ya mtaa wa Birere wanaokwenda Idjwi. Alfajiri mizigo inapakiwa juu ya chukudu: mfuko wa nguo, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia. Baba anasukuma pamoja na mwenye chukudu, mama amembeba mdogo mgongoni. Wanashuka mpaka bandarini.

Ziwa Kivu ni zuri, lakini si la kuchezewa. Kina chake kinapita mita 470. Hakuna mamba ndani yake, na watu husema, "Basi hakuna hatari." Wanakosea. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na mawimbi huinuka. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Kituku, hapa Goma. Watu walikuwa wamesimama bandarini wakiitazama. Ilikuwa imepakia watu wengi kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya ndugu zao. Mwaka 2019 pia, mwezi wa nne, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe na watu wengi wakapotea. Baada ya ajali ile Rais wa nchi aliagiza kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha.

Shikeni basi mambo matatu. Kwanza, jaketi huvaliwa na kufungwa kabla boti haijaondoka. Halikaliwi kama mto. Pili, boti ikijaa mno, ingojeeni nyingine. Babu aliyengoja mwaka mzima anaweza kungoja na siku moja zaidi. Tatu, kaeni mahali penu. Watu wote wakikimbilia upande mmoja kutazama kitu, boti huinama.

3. Kulipa kwa mikono

Wazee wetu walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hawakusema hivyo kwa ubaya. Siku ya kwanza mgeni amechoka. Siku ya pili anasalimia majirani. Siku ya tatu akipewa jembe, maana yake amekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Kazi za kiangazi ni nyingi, wala hazimshindi mtoto. Maharagi yaliyokauka hupurwa kwa fimbo, kisha hupepetwa na kuchaguliwa. Muhogo huanikwa. Mbuzi hutafutiwa majani, kwa maana majani ya karibu yamekauka. Shamba hulimwa mapema, lingoje mvua za mwezi wa tisa. Mtoto wa mji akishika jembe mara ya kwanza, viganja vyake hutoa malengelenge. Asione haya. Amfuate binamu yake, atazame namna anavyolishika, naye atajifunza kwa siku chache jambo ambalo kitabu hakiwezi kumfundisha.

Jioni wavuvi huingia ziwani. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, na wavu huteremshwa katikati. Samaki wadogo waitwao sambaza huifuata nuru ya taa. Ndiyo maana usiku wa mbalamwezi wavuvi hupata kidogo: nuru imetapakaa kila mahali. Je, mnajua kwamba sambaza si wenyeji wa ziwa letu? Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1958 hadi 1960, wakaongezeka, na leo ni kitoweo cha maskini na cha tajiri. Mtoto asiingie mtumbwini usiku bila ruhusa. Lakini asubuhi anaweza kusaidia kuanika samaki na kufukuza ndege.

4. Kulipa kwa masikio

Baada ya kula, wazee huota moto na kuzungumza. Usikimbilie simu ya mama. Kaa usikilize.

Kuna mambo matatu ya kujifunza hapo. La kwanza ni lugha. Mjini tunasema Kiswahili na shuleni tunasoma Kifaransa, lakini nyanya wa Idjwi husema Kihavu, wa Masisi Kihunde, wa Butembo Kinande. Mtoto asiyejua hata kumwamkia nyanya yake kwa lugha yake humfanya mzee ajione mgeni nyumbani mwake mwenyewe. La pili ni ukoo. Uliza: babu yake babu aliitwa nani? Alitoka mlima gani? Nani ni ndugu yetu kwa upande wa mama? Chukua daftari uandike. La tatu ni shamba. Mwombe babu akutembeze, akuonyeshe mti au jiwe la mpaka. Mara nyingi babu akifa bila kuonyesha mpaka, watoto wake hugombana na majirani, na hata wao kwa wao.

Yeye arudiye Goma mwezi wa tisa na majina kumi ya wazee wake katika daftari, huyo amefanya likizo njema.

5. Kulipa kwa adabu

Hapa watoto wa mji, na hata wazazi wao, hukosea mara nyingi. Mtoto anasema, "Kwetu tunakula wali." Anasema, "Bugali tena?" Nyanya husikia, hunyamaza, na moyo wake huuma.

Lakini kuna kosa kubwa kuliko maneno. Katika kila nyumba ya mkulima, mwezi wa nane, kuna kapu au gunia lililofungwa na kuwekwa juu. Hayo si maharagi ya kula. Ni mbegu za mwezi wa tisa. Wageni wakiwa wengi na wakikaa sana, chakula cha kawaida kinakwisha. Mwenyeji huona aibu kusema, "Rudini kwenu." Basi hushusha kapu na kupika mbegu. Wageni hula, hushukuru na kuondoka wakiimba. Mvua zinaponyesha, mwenyeji hana cha kupanda, na njaa humkuta wageni wakiwa mbali.

Kwa sababu hiyo jamaa yenye akili hupanga kabla ya safari. Tutakuwa watu wangapi? Tutakaa majuma mangapi? Tutapeleka nini? Baba au mama huacha kitu kwa ajili ya chakula, tena hukiacha kwa heshima, si kama anayelipa hoteli. Na chakula kikianza kupungua, hawangoji kuambiwa, huaga.

Nasi tulio Goma, tukumbuke kwamba likizo huenda na kurudi. Mwaka huu umelala kwa mjomba, mwaka kesho watoto wa mjomba watalala kwako. Usiwacheke wanapoogopa pikipiki. Waonyeshe njia, na uwaonye juu ya hatari za kwetu wasizozijua. Waambie habari za mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini katika mabonde madogo ya upande wa Sake na kando ya ziwa. Haionekani. Hukaa chini, hasa usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujavuma, na huua mbuzi na watu. Ukiona bondeni wadudu au ndege waliokufa, usishuke.

6. Mlango uliofunguka

Huenda mmoja wenu akasema: "Kazi nyingi, adabu nyingi, faida yake nini?" Mwacheni asikilize habari hii.

Siku ya Jumamosi, tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wake ulishuka mpaka Buhene, pembeni mwa mji. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku. Tarehe 27 serikali ikaamuru watu wa mitaa kumi ya Goma waondoke mara moja. Mamia ya maelfu ya watu walitoka siku ile: kwa miguu mpaka Sake, kwa boti mpaka Idjwi na Bukavu, wengine Minova, wengine Rutshuru, wengine Rwanda.

Wengi walilala shuleni, kanisani na kando ya barabara. Wengine walibisha mlango wa shangazi au wa mjomba, na mlango ukafunguliwa. Tena walikuwako wenyeji waliopokea hata watu wasiowajua, nao wastahili heshima. Lakini fikirini: mtoto aliyekuwa amepura maharagi kwa nyanya mwaka uliotangulia, alijua njia ya kwenda, alijua lugha ya kusalimia, na nyanya alimjua kwa jina. Hakuingia kama mkimbizi. Aliingia kama mjukuu. Undugu ni kama njia ya porini: isipopitwa, majani huifunika.

7. Wasio na pa kwenda

Jambo la mwisho. Darasani mwetu wamo wenzetu ambao likizo hawaendi popote. Vita vimefunga njia za milima mara nyingi, na vijiji vingine havina watu. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita viliingia Goma penyewe. Wako waliotoka kijijini wakikimbia, na kukimbia si likizo, hata ukilala mbali na nyumbani mwaka mzima.

Basi mwezi wa tisa, mwalimu akisema, "Andikeni habari za likizo yenu," usijisifu mbele ya mwenzako wa namna hiyo. Mwulize babu yake anakaa wapi sasa, na umsikilize vizuri. Nyanya aliye hapa mjini, katika chumba kimoja cha kupanga, anajua hadithi zile zile alizozijua mlimani. Naye pia yafaa atembelewe, achotewe maji na kuulizwa majina ya wazee.

Maneno ya kueleza

Kupura: kupiga maharagi au mtama kwa fimbo ili punje zitoke.
Chukudu: chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, cha kuchukulia mizigo.
Ukoo: watu wote waliotoka kwa mzee mmoja.
Mbegu: punje zilizotengwa kwa kupandwa.

Maswali

1. Likizo kubwa huanza na kuisha lini? Wakati huo kuna mvua au kiangazi?
2. Taja mambo matatu ya kushika unapovuka ziwa.
3. Kwa nini wavuvi wa sambaza hupata kidogo usiku wa mbalamwezi?
4. Eleza methali ya mgeni na jembe kwa maneno yako mwenyewe.
5. Kwa nini ni vibaya mgeni kukaa mpaka mwenyeji ashushe kapu la mbegu?
6. Mtoto aliyesaidia kwa nyanya alipata faida gani mwaka 2021?

Kazi ya kuandika

Mwendee mzee mmoja wa jamaa yenu. Andika majina ya wazee wa ukoo anaowakumbuka, na mahali kila mmoja alipokaa. Msomee ulichoandika, akusahihishe.