Kupima Nguvu ya Sumaku kwa Dira

Katika kufundisha nguvu ya sumaku, walimu wengi huwaagiza wanafunzi wahesabu pini zinazonaswa. Njia hii ni rahisi na huwafurahisha watoto, lakini haitoshi. Pini mpya na pini yenye kutu hazinaswi sawa. Tena, idadi ya pini haimwonyeshi mwanafunzi jambo lililo kuu, yaani kwamba nguvu ya sumaku hupungua upesi kadiri tunavyoiacha mbali. Asiyelijua hilo hutoka darasani akiamini kuwa sumaku kubwa lazima iishinde ndogo.

Maabara zenye uwezo hutumia kipimasumaku cha mkononi. Katika ncha yake mna kipande chembamba kinachopitisha umeme. Kikisogezwa karibu na sumaku, chembe za umeme husukumwa upande mmoja, volti ndogo huzuka, nayo husomwa kama tarakimu. Jambo hilo liligunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Lakini hata tarakimu hiyo haina maana iwapo umbali haukutajwa.

Mahali pasipo na kifaa hicho, dira yatosha. Dunia yenyewe ni sumaku, na katika sehemu za Bukoba na Muleba nguvu yake ya mlalo ni yapata mikrotesla 30. Sumaku ikiletwa kutoka mashariki, sindano huvutwa huku na huku. Ikikengeuka digrii 45, nguvu ya sumaku mahali pale ni sawa na ile ya dunia. Basi tumepata kipimo bila gharama.

VIFAA: Dira, rula, karatasi iliyochorwa pembe, na sumaku mbili au zaidi. Sumaku ya spika ya redio mbovu yafaa sana.

HATUA
1. Kazi ifanyike mbali na madawati yenye miguu ya chuma, na mbali na nondo na mabati.
2. Weka dira juu ya karatasi. Sindano ikitulia, chora mstari wa mashariki na magharibi upitao katikati ya dira.
3. Laza sumaku juu ya mstari huo, ncha yake moja ikiielekea dira. Sumaku ya spika isimamishwe, uso wake bapa uielekee dira.
4. Isogeze polepole mpaka sindano ikengeuke digrii 45. Pima umbali kutoka katikati ya sumaku hadi katikati ya dira.
5. Geuza sumaku, rudia, kisha tafuta wastani.

MAELEZO KWA MWALIMU
Umbali ukiwa mkubwa mara kadhaa kuliko urefu wa sumaku, nguvu hupungua kwa kipeo cha tatu. Umbali ukizidishwa mara 2, nguvu hubaki sehemu moja ya 8. Kwa hiyo, ikiwa sumaku A hufikisha digrii 45 kwa sentimita 20 na sumaku B kwa sentimita 10, A haina nguvu mara 2 ya B, bali mara 8. Wanafunzi waachwe kwanza wakisie. Wengi watasema 2, na hapo ndipo somo lilipo.

Huku kwetu tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, hivyo ncha ya kusini ya sindano huelekea kuinama. Dira iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huweza kukwaruza kitako chake. Igongwe kidogo kwa kidole kabla ya kusoma.

Sumaku zilizoangushwa mara nyingi au kupashwa moto hudhoofika. Yafaa kila sumaku ya kabati ipimwe mwanzoni mwa muhula na umbali wake uandikwe, ili mtoto asije akadhani amekosea, kumbe sumaku ndiyo iliyochoka.

MAZOEZI
1. Sumaku A ikisogezwa hadi sentimita 40, sindano itakengeuka digrii ngapi? (Takriban 7.)
2. Kwa nini sumaku haiwekwi kaskazini mwa dira?
3. Linganisha sumaku ya spika na ile ya shule. Je, ukubwa ndio nguvu?