Kuacha Sigara: Kijitabu cha Nyumba za Visiwani na Kismayu

Kijitabu hiki kisomwe kwa sauti nyumbani, mvutaji akiwepo na watu wake wakiwepo. Uwe Kismayu, Koyama, Chovai, Chula au Ras Kamboni, neno letu ni moja: sigara inaachika, na huachika vizuri zaidi nyumba nzima ikishika kazi hiyo pamoja.

Kwa nini ni vigumu

Nikotini ya tumbaku hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya kuvuta. Baada ya saa mbili hivi, nusu yake imeshatoka kwenye damu, na ubongo huanza kuidai. Ndiyo maana mtu mpole hugeuka mkali akikosa sigara. Huo si udhaifu wa imani wala utovu wa adabu; ni mwili uliozoeshwa, na mazoea yana taabu.

Taabu hiyo ina mwisho. Kila hamu inapopanda hukaa dakika chache, kisha hushuka hata kama hukuvuta. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali: kichwa huuma, usingizi hupotea, hasira huwa karibu. Baada ya wiki mbili hadi nne, mengi ya hayo huwa yamepungua au yamekwisha.

Utakachopata

- Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kutulia.
- Baada ya saa 12, gesi ya sumu iliyoingia kwenye damu kwa moshi hurudi kiwango cha kawaida.
- Kati ya wiki 2 na 12, damu hutembea vizuri na mapafu hupata nguvu. Mpiga mbizi wa kamba, ambaye riziki yake ni pumzi, ataiona tofauti hiyo chini ya maji.
- Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka kufikia karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Fedha nazo hurudi. Anayemaliza pakiti moja kwa siku mbili huchoma pakiti zaidi ya 180 kwa mwaka. Zihesabu kwa bei ya dukani kwenu, kisha uliza ni nyavu ngapi au magunia mangapi ya unga.

Kabla ya siku yenyewe

1. Chagua siku, isizidi wiki mbili kutoka leo. Wengi hufaulu zaidi wakikata mara moja kuliko kupunguza kidogo kidogo.
2. Kwa siku tatu, angalia sigara zako: ni ya baada ya kahawa, ya barazani, au ya kwenye miraa? Hizo ndizo saa za kujiandalia.
3. Mwambie mkeo, mama yako, na mabaharia wenzako.
4. Mwambie mwenye duka asikuuzie moja moja wala asikukopeshe.
5. Usiku wa kuamkia siku hiyo, toa nyumbani sigara, kiberiti cha mfukoni na kisahani cha majivu.

Tumia Ramadhani

Mvutaji anayefunga hukaa zaidi ya saa 13 bila sigara, na kesho yake hurudia. Kwa hiyo kazi kubwa ameshaizoea. Kilichobaki ni usiku. Saa ya hatari ni pale adhana ya magharibi inapomalizika. Fungua kwa tende na maji, sali, kula, kisha nenda moja kwa moja kwenye tarawehe na wasiovuta. Ukikaa barazani na wavutaji usiku ule, umeirudisha kazi nyuma. Na siku ya Idi usijizawadie hata moja.

Baharini na barazani

Usipande mashua na pakiti. Palipo na petroli ya mashine, moto wa sigara ni hatari kwa wote waliomo. Hamu ikija, ipe mikono kazi: fua maji, panga mishipi, kunja tanga.

Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo vikakaa pwani, mtu hukaa bure na sigara humwita. Shona nyavu, tengeneza chombo, tembea. Kinywani weka mswaki au karafuu. Kunywa maji kidogo kidogo. Miraa ikiwa ndiyo inayokuvutia sigara, kaa mbali na kikao chake, hasa mwezi wa kwanza wa kuacha.

Usihamie shisha, ugoro wala tambuu yenye tumbaku. Zote zina nikotini, na kikao kimoja cha shisha huingiza moshi mwingi kuliko sigara moja.

Kwa watu wa nyumbani

Moshi haumchagui mvutaji. Huleta maradhi ya kifua kwa watoto, na mama mjamzito anayeuvuta anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Asivute mtu yeyote ndani, hata mgeni. Mtoto asitumwe kununua sigara.

Anayeacha akiwa mkali siku za mwanzo, msimjibu kwa ukali. Mpelekeeni chai ya tangawizi, mzungumzisheni mpaka hamu ipite. Msimkumbushe alivyoshindwa zamani.

Dawa na kituo cha afya

Ubani na bandeji za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Uliza hospitali au duka la dawa Kismayu. Ubani huo hutafunwa polepole, kisha huwekwa kati ya fizi na shavu. Mwenye mimba au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili, au makohozi yenye damu, kisingoje safari ya soko. Panda chombo cha kwanza kwenda penye kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu. Wavutaji huugua zaidi ugonjwa huo.

Ukirudia

Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Ukivuta moja, usimalize pakiti. Tupa iliyobaki saa ileile. Jiulize ilikuwa saa gani, ulikuwa na nani, kisha panga njia nyingine kwa saa hiyo.

Sasa, kabla ya kufunga kijitabu hiki, taja siku yako mbele ya walioko hapa, na mmoja wao aiandike ukutani.