Sava Ikianguka, Usiguse Kabla Hujaandika

Maneno haya ni kwa wewe unayesimamia sava ya Linux Nyangwe, Kasongo au Kabambare, iwe ya kituo cha afya, ya redio au ya shule, ambako umeme ni sola na jenereta. Kerneli inapoanguka, mara nyingi huwa imeshataja kilichoiua. Tatizo ni kwamba imekitaja ndani ya RAM, na RAM ikikatiwa umeme haibakizi kitu.

Usikimbilie kitufe cha kuzima. Ukiona "Kernel panic" kwenye skrini, shika simu upige picha: skrini nzima kwanza, kisha karibu, hadi herufi za mstari wa RIP na orodha ya Call Trace zisomeke bila kubahatisha. Mashine ikiwa bado inaitikia, amri ya kwanza ni dmesg, na matokeo yake yaende kwenye faili papo hapo.

Andika saa kwa mkono, ukitazama saa ya simu. Betri ndogo ya CR2032 ikifa, saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi na logi zake hazilingani na chochote. Andika pia jenereta ilikuwa inawaka au la, betri za sola zilikuwa na chaji kiasi gani, na nani alichomeka nini.

Usisubiri ajali ndipo ujiandae. Kwenye journald.conf weka Storage=persistent, ili baada ya kuwasha upya amri ya journalctl -k -b -1 ikuoneshe logi za kerneli iliyotangulia. Hata hivyo kerneli inayokufa ghafla mara nyingi haiwahi kufikisha mistari yake ya mwisho kwenye diski, na mistari hiyo ndiyo unayoitaka. Hapo inasaidia pstore, iliyoingia Linux mwaka 2011: huhifadhi maneno ya mwisho mahali pasipofutika umeme ukikatika. Ukiwasha, yatafute /sys/fs/pstore au /var/lib/systemd/pstore. Kama RAM inatosha, weka na kdump. Kerneli ya pili huamka na kunakili kumbukumbu ya ile iliyokufa. Netconsole nayo hutuma logi kwenye kompyuta ya jirani kwa waya wa mtandao wa ndani, bila intaneti. Kama huna hata kimoja kati ya hivi, usiiache sava ijiwashe yenyewe baada ya panic.

Usipige mfumo upya kabla ya kunakili logi. Fundi anayeanza kwa kufuta diski hajatengeneza. Ameharibu ushahidi, na wiki ijayo sava itaanguka tena kwa sababu ileile.

Usisafishe logi. Usifute mistari "isiyohusu", usipange upya, usirekebishe saa. Nyangwe inalijua hili kuliko mahali pengi. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa mfanyabiashara wa watumwa Dugumbe waliwapiga risasi watu waliokuja sokoni na kuua mamia. Mmisionari David Livingstone, aliyeshuhudia, alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za mmea wa huko. Baadaye aliyanakili maandishi hayo upya kwenye daftari, na dunia ikasoma habari iliyopitia nakala hiyo katika kitabu cha 1874. Yale ya gazetini yalififia hadi wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi tofauti na kuyatoa hadharani mwaka 2011. Ikaonekana kwamba ya kwanza na nakala hazilingani, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Damu ile hailinganishwi na mashine, wala silinganishi. Ninachosema ni kwamba andiko la kwanza, hata likiwa chafu, halina mbadala. Basi faili halisi ifungie isiandikwe, chukua sha256sum yake, na ufanyie kazi kwenye nakala. Nakala nyingine iwe kwenye flashi inayolala nyumba tofauti.

Usimtumie kila mtu faili ya kdump. Ndani yake mna chochote kilichokuwa kwenye RAM: nywila, majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo. Mtumie anayeshughulikia tatizo tu, tena kwa kuisimba.

Leo, kabla jenereta haijazimwa, fungua journald.conf uutazame mstari wa Storage. Kama una alama ya # mbele yake, uondoe, andika persistent, uhifadhi, kisha uiwashe upya huduma ya systemd-journald.