Upepo Umeulipia, Usiuache Uende

Kijana mmoja mwenye kibanda cha pancha pale Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, ameniletea swali, na nalijibu kwa kirefu kwa sababu najua wengi mnasumbuliwa na jambo hilohilo. Anasema: "Nyamera, tokeni za stima zinaniishia kabla wiki haijafika mwisho. Kompresa inawaka na kuzima siku nzima hata nikiwa sina mteja. Jirani ananiambia nikaze swichi ili presha ipande, ndipo mota itapumzika. Nimsikilize?"

Usimsikilize, mdogo wangu. Presha ikipanda ndani ya tangi, upepo unaovuja nao unatoka kwa kasi zaidi, na mota inatumia nguvu nyingi zaidi kubana kila lita. Kwa kompresa za kawaida zinazofanya kazi kwenye baa 7 hivi, ambayo ni kama psi 100, kila baa moja unayoongeza inakula takriban asilimia 7 ya umeme juu ya ule uliokuwa ukitumia. Jirani anakutakia mema, lakini anakuongezea bili.

Hebu kwanza tuangalie unanunua nini unaponunua upepo. Stima ikiingia kwenye mota, sehemu kubwa inageuka kuwa joto. Ndiyo maana lile bomba la shaba linalotoka kwenye kichwa cha kompresa linaunguza mkono. Kinachobaki kama nguvu ya kujazia tairi ni kama sehemu moja kwa kumi tu. Na sisi wa kando ya ziwa tuna mzigo mwingine ambao watu wa Mombasa hawana. Ziwa letu liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi: inakandamiza kwa karibu baa 0.88, wakati ufuoni kwa bahari ni 1.01. Ili kufikisha baa 8 kwenye geji, kompresa iliyoko Otonglo inaibana hewa mara kumi. Hiyohiyo ukiipeleka Mombasa itaibana mara tisa tu. Yako haina kasoro ikijaa polepole kuliko kitabu chake kilivyoahidi, ila huna upepo wa kuchezea.

Sasa tuingie kazini. Umesema inawaka hata bila mteja. Hapo umeshanijibu mwenyewe: kuna mahali inavuja. Jioni ukimaliza kazi, jaza tangi hadi mota izime yenyewe, kisha izime kabisa ukutani. Acha mipira yote ikiwa imeunganishwa kama kawaida, usiguse kitu. Tazama geji na saa ya simu yako. Tuseme tangi lako ni la lita 100 na presha imeshuka kutoka baa 8 hadi 7. Hapo umepoteza zaidi ya lita 100 za hewa ya kawaida. Ikichukua dakika kumi kushuka hivyo, unapoteza kama lita 11 kwa dakika, na hilo si la kukunyima usingizi. Ikichukua dakika moja, ndugu yangu, zaidi ya lita 110 zinatoroka kila dakika, na kompresa ya nguvu za farasi 3 inatoa lita 250 au 300 hivi kwa dakika. Karibu nusu ya tokeni zako zinapulizwa hewani pale Otonglo na hakuna hata boda moja iliyojazwa.

Usidhani ni lazima tundu liwe kubwa. Tundu la milimita moja na nusu kwenye baa 7 linaweza kupitisha lita 2 hadi 3 kwa sekunde. Chukua sabuni ya unga, ikoroge majini hadi itoe povu zito, na upake kwa brashi kila mahali vitu viwili vinapokutana: mdomo wa kuunganishia mpira, nati za geji, kiziba cha chini cha kutolea maji, na ule mpira wenyewe pale unapojikunja. Penye mapovu pana pesa. Fungua nati, safisha uzi wake, zungusha tepu nyeupe ya mafundi wa maji, kisha funga tena. Mpira uliopasuka ukate kipande kibovu, usiufunge kwa ukanda wa tyubu.

Kuna mlio mmoja nataka uujue. Mota ikizima, kuna "fss" fupi chini ya swichi ya presha, na hiyo ni sawa kabisa: swichi inatoa upepo uliobaki kwenye bomba ili mota iwashe kwa urahisi baadaye. Lakini "fss" ikiendelea bila kukoma, upepo wa tangi unarudi nyuma kupitia ile vali inayotakiwa kuuzuia. Mara nyingi ni uchafu umekwama hapo au raba imekufa. Fundi akikuuzia swichi mpya kwa tatizo hilo, atakuwa amekutoza kwa kitu kisichougua. Maliza upepo wote kwenye tangi kabla ya kufungua vali hiyo.

Ukishaziba, ndipo tuzungumzie regulata. Nimeona vibanda vingi ambavyo regulata imefunguliwa hadi mwisho, kana kwamba ni pambo. Tairi ya gari dogo inataka psi 30 hadi 35, na ya boda iko karibu na hapo. Huna sababu ya kuzipelekea psi 120. Malori yanayokwenda Busia ndiyo yanayodai zaidi ya 100, na kwa hayo nakushauri uwe na njia yake pekee inayotoka moja kwa moja kwenye tangi, yenye geji nzima. Na kama lori huliona mara chache kwa wiki, shusha presha ya kuzimia mota siku za kawaida. Swichi nyingi zina skrubu yenye springi chini ya kifuniko. Zima stima ukutani kabla ya kukifungua, kwa sababu nyaya zilizo humo zinaua.

Namna ya kutafuta kipimo kizuri cha regulata naipenda jinsi wenye bunduki za hewa za michezo wanavyoifanya. Shabaha ya mita 10 kwa bunduki ya hewa iliingia Olimpiki mwaka 1984, na bunduki hizo siku hizi zinabeba chupa ndogo ya upepo wa baa 200 hivi, na regulata inaushusha kabla haujafika kwenye vali. Kinyundo kinaigonga vali, upepo unatoka, kirisasi kinaruka. Springi ya kinyundo ikikazwa kupita kiasi, vali inabaki wazi hata baada ya kirisasi kutoka kwenye mtutu, na upepo unaofuata hausukumi chochote. Kwa hiyo wanapima mwendo wa kirisasi huku wakikaza kidogo kidogo. Wakifika mahali ambapo kukaza zaidi hakuongezi mwendo, wanalegeza hadi mwendo unapoanza kupungua kidogo tu, na hapo wanaacha. Nawe anza chini. Pandisha regulata hadi kazi yako itoke vizuri, kisha ipunguze kidogo uone kama bado inatoka vizuri. Kile kiwango cha chini kabisa kinachokuridhisha ndicho chako.

Hili linanileta kwa dada wa Kisian anayepaka magari rangi. Anauliza kwa nini geji yake inasema psi 40, lakini akibonyeza bunduki ya rangi, rangi inatoka kwa kubabaika. Dadangu, unasoma geji upepo ukiwa umesimama. Bonyeza kifyatulio kwanza, upepo utembee, kisha ndipo uzungushe kitufe cha regulata. Utaona sindano imeshuka hadi 30 au chini ya hapo; hiyo ndiyo presha yako ya kweli. Ukitaka kupunguza, shuka chini ya alama, halafu panda kuifuata, kwa sababu springi ya ndani haitulii vizuri ukiijia kutoka juu. Na regulata yenyewe uipime hivi: weka 30, achia kifyatulio, ngojea dakika chache. Kurudi kwenye ile 40 ni kawaida, lakini sindano ikiendelea kupanda yenyewe hadi 45, kitako cha vali ya ndani kimechakaa au kina mchanga.

Angalia pia mpira wako. Kipenyo kikipungua hadi nusu, presha inayopotea njiani kwa upepo uleule inaongezeka zaidi ya mara 30. Mpira mwembamba wa mita 20 unaojiviringisha sakafuni unakulazimisha ukaze regulata bila sababu. Na ukipuliza rangi kwa presha kubwa, nusu ya rangi inaondoka kama ukungu na kuingia mapafuni mwako. Nunua barakoa yenye vichujio vya kemikali, siyo kitambaa. Hilo nakuomba kama dadako.

Matone ya maji kwenye rangi yanatokana na hewa yetu yenyewe. Kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60, kompresa ya farasi 3 inakamua karibu glasi moja ya maji kwa kila saa ambayo mota inazunguka. Maji hayo yanakaa chini ya tangi, yanapunguza nafasi ya upepo na kulila bati kutoka ndani. Fungua kiziba kila jioni. Kompresa ikae kivulini, ivute hewa ya nje iliyopoa na siyo ile ya ndani ya kibanda cha mabati mchana, na chujio lake la hewa lisafishwe kila vumbi la barabara linapokolea.

Wote wawili, vali ya usalama msiiguse kwa nia ya kuikaza, hata ikikoroma. Vuteni pete yake mara moja moja mwone kama inafunguka. Tangi lililooza likipasuka kwa baa 8 halichagui kati ya fundi na mteja aliyekaa kwenye benchi akingoja. Likianza kutoa jasho la kutu kwenye mshono, msilichomelee, litupeni. Na mkienda kununua la mtumba, msiangalie rangi mpya ya nje. Mwombeni muuzaji awafungulie kiziba cha chini mbele yenu, na kama kinachotoka ni maji mekundu yenye magamba ya kutu, rudini nyumbani na pesa zenu.